Jedwali la mahojiano ndani ya kichupo cha mwombaji: mstari mmoja uwe wa nini, na uwe mali ya nani?

Swali: Ninasimamia mfumo wa udahili katika ofisi yetu. Kwenye ukurasa wa mwombaji nilitengeneza kichupo (tab) maalumu cha Mahojiano, nikaweka nyuga, yaani nafasi za kujaza, za Tarehe 1, Mhojaji 1 na Alama 1, kisha nikazirudia hadi 3. Sasa wapo waombaji waliohojiwa mara nne. Nimejaribu kuweka jedwali badala ya nyuga hizo, lakini mambo matatu yamenishinda. Kwanza, jedwali lilionyesha mahojiano ya waombaji wote. Nilipolirekebisha, mwombaji aliyeomba tena msimu huu alionekana na mahojiano ya msimu uliopita. Na sasa ripoti ya ufadhili inatoa jumla kubwa kuliko fedha tulizotoa. Nifanye nini, na nyuga zangu za zamani nizipeleke wapi?

Jibu:

Ndugu mwulizaji,

Kabla ya yote, ikiwa bado kuna kichupo kinachoonyesha mahojiano ya waombaji wote, kifunge leo kwa watumiaji wa kawaida, hata kama marekebisho yenyewe yatachukua wiki nzima. Maoni ya wahojaji ni taarifa nyeti, na kila dakika kichupo hicho kikiwa wazi kuna mtu anayeweza kusoma lisilomhusu, au kunakili alama za mwombaji mmoja akidhani ni za mwingine.

Tukija kwenye swali lako, matatizo hayo matatu yana mzizi mmoja. Umeanza na sura ya kichupo, ilhali kichupo ni dirisha la kutazamia data iliyohifadhiwa kwingine, na dirisha haliwezi kunyoosha kilichopangwa vibaya nyuma yake. Kwa hiyo ninakuomba uiache fomu kwa muda, uchukue karatasi, na uandike sentensi mbili. Ya kwanza ianze, "Mstari mmoja wa jedwali hili ni..." Ya pili ianze, "Mstari huo ni mali ya..." Ukiweza kuzimaliza bila kutumia neno "au", kazi iliyobaki ni nyepesi. Neno hilo likijipenyeza katika mojawapo, jua kwamba unajaribu kuingiza vitu viwili katika jedwali moja, na utayaona matokeo yake katika kila ripoti utakayoitoa baadaye.

Kwa kuwa watu hulitumia neno "safu" kwa maana zaidi ya moja, katika jibu hili mstari ni kile kinacholala kutoka kushoto kwenda kulia, na safu ni kile kinachosimama wima chini ya kichwa chake.

Kosa la kurudia nyuga kwa namba, yaani Tarehe 1, Tarehe 2, Tarehe 3, ni la kawaida sana na halikuanza nawe. Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM aliyeeleza muundo wa hifadhidata za mahusiano mwaka 1970, alishughulika na jambo hilihili katika makala yake ya kwanza iliyosomwa na wengi. Mfano wake ulikuwa mfanyakazi mwenye historia ya kazi na watoto, na ndani ya kila kazi mkiwamo historia ya mishahara. Suluhisho lake lilikuwa kuitoa kila orodha ya ndani, kuifanya jedwali linalojitegemea, na kuupa kila mstari namba ya mfanyakazi ili ujulikane ni wa nani. Badili mfanyakazi kuwa mwombaji, kazi kuwa mahojiano na mishahara kuwa alama za wahojaji, na unaona kwamba tatizo lako ni lilelile. Nyuga zilizorudiwa zina dosari mbili ambazo hakuna ufundi unaoziondoa: kikomo chake hupangwa kabla mtu hajajua waombaji watahojiwa mara ngapi, na swali rahisi kama "ni nani aliyehojiwa mwezi uliopita" hulazimika kuulizwa mara tatu, mara moja kwa kila uga wa tarehe.

Sasa tuimalize sentensi ya kwanza. Huenda ukaandika mara moja, "Mstari mmoja ni mahojiano mamoja," kisha ukaendelea. Nakusihi usimame hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo mifumo mingi inapoharibika kimyakimya. Je, katika ofisi yenu mwombaji huhojiwa na mtu mmoja, au na jopo? Ikiwa ni jopo, kila mhojaji hutoa alama yake, au jopo hukubaliana alama moja? Niliwahi kufungua rekodi ambamo uga wa alama, uliokuwa umetengenezwa kama uga wa maandishi, ulikuwa umejazwa hivi: "78/64, wa tatu hajawasilisha." Aliyeandika hivyo hakuwa mzembe. Alikuwa na wahojaji watatu na nafasi moja ya kuandikia, akafanya lililowezekana. Lakini wastani haukuweza kukokotolewa, hakuna aliyeweza kusema ile 64 ilitolewa na nani, na kamati ilipotaka kujua kama mhojaji fulani huwa na mkono mzito kuliko wenzake, swali halikuwa na pa kujibiwa.

Ikiwa jopo hukubaliana alama moja, basi jedwali moja la mahojiano linatosha, na majina ya wanajopo yanaweza kukaa katika uga unaoruhusu kuchagua zaidi ya mtu mmoja. Ikiwa kila mhojaji hutoa alama yake, unahitaji majedwali mawili: la mahojiano, ambalo hubeba tarehe, mahali na hali ya mahojiano, na la tathmini, ambalo kila mstari wake ni tathmini ya mhojaji mmoja kwa mahojiano mamoja. Mstari wa tathmini huwa mali ya mahojiano, nayo mahojiano huwa mali ya ombi. Ngazi hizi mbili huwatisha wasimamizi wengi, wakarudi kwenye jedwali moja lenye mstari kwa kila mhojaji na tarehe iliyorudiwa kila mara. Njia hiyo inafaa ikiwa programu yenu hairuhusu jedwali ndani ya jedwali, ila ujue unacholipa: siku mahojiano yatakapoahirishwa, itabidi mistari mitatu ibadilishwe pamoja, na mmoja ukisahaulika utakuwa na mahojiano mamoja yenye tarehe mbili.

Sentensi ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini mahojiano ya msimu uliopita yalijitokeza. Programu nyingi za udahili huwa na rekodi ya mtu na rekodi ya ombi, na mtu mmoja anaweza kuwa na maombi kadhaa: aliomba mwaka jana akajiondoa, ameomba tena mwaka huu, au ameomba programu mbili za masomo katika msimu mmoja. Ukurasa unaofunguliwa na mtumiaji unaweza kuonyesha vyote viwili kwa pamoja, kiasi kwamba mpaka hauonekani, lakini kwa hifadhidata hizo ni rekodi mbili tofauti zenye namba mbili tofauti. Maelezo yako yananionyesha kwamba jedwali lako la mahojiano limeunganishwa na mtu. Kwa hiyo kila ombi la mtu huyo linapofunguliwa, mahojiano yake yote hutokea, na mfumo haujakosea, kwa kuwa umeufundisha kwamba mahojiano ni ya mtu.

Kipimo ninachokitumia ni swali moja: mwombaji huyu akijiondoa leo na kuomba tena msimu ujao, je, mstari huu utakuwa bado na maana katika ombi jipya? Shule alizosoma zitabaki na maana, kwa kuwa ni historia yake. Matokeo ya mtihani wa lugha yatabaki na maana kwa kadiri muda wake wa kutumika unavyoruhusu. Hizo ziunganishwe na mtu. Mahojiano yalifanyika kwa ajili ya ombi fulani, yakapimwa kwa vigezo vya msimu fulani, na pengine kwa programu moja ya masomo kati ya mbili alizoomba. Hayo yaunganishwe na ombi. Ufadhili nao kwa kawaida ni wa ombi, kwa sababu hutolewa kwa msimu na programu mahususi.

Wasimamizi wengine huniambia kwamba wahojaji wa msimu huu wanataka kuona kilichosemwa mwaka jana. Hilo ni ombi la haki, na halihitaji kuhamisha mstari kutoka kwa mmiliki wake. Mistari ibaki kwenye maombi yake, kisha kwenye kichupo uweke jedwali la pili, la kusoma tu, linalopanda kutoka ombi lililofunguliwa hadi kwa mtu na kushuka kwenye maombi yake mengine. Lipe kichwa kinachojieleza, kwa mfano "Mahojiano ya maombi yaliyopita", na usiliwekee kitufe cha kuongeza mstari. Hata hivyo, jadilini kwanza kama kweli mnataka mhojaji aione alama ya mwaka jana kabla hajatoa ya kwake. Binafsi ningeificha hadi atakapowasilisha, kwa kuwa namba iliyokwisha kuonekana huvuta mkono wa anayeandika namba mpya.

Ukishajua mmiliki wa mstari, tatizo lako la kwanza linaeleweka kirahisi. Jedwali lililo ndani ya kichupo huhitaji mambo mawili ili lionyeshe mistari inayostahili. La kwanza ni kila mstari kubeba namba ya rekodi inayoumiliki. La pili ni jedwali kuambiwa: chukua namba ya rekodi iliyofunguliwa sasa, uniletee mistari yenye namba hiyo pekee. Wewe ulikuwa na la kwanza bila la pili, ndipo yakaja mahojiano ya kila mtu.

Jinsi ya kuliweka la pili hutegemea njia uliyoitumia. Programu kubwa zina kijenzi cha jedwali linalohusiana kilichotengenezwa kwa kazi hii. Katika Slate, ambayo ofisi nyingi za udahili huitumia, data ya namna hii huhifadhiwa katika kile kinachoitwa entiti, na jedwali lake huwekwa kwenye kichupo. Katika Salesforce huwa ni objekti maalumu ambayo mistari yake huonekana kwenye ukurasa wa rekodi mama, yaani ile inayoimiliki, kama orodha ya rekodi zinazohusiana, na katika Dynamics 365 huwekwa kama gridi ndogo ndani ya fomu. Ukitumia kijenzi hicho, uhusiano wenyewe ndio kichujio, na mstari mpya unaoongezwa kutoka hapo hupewa namba ya rekodi mama bila mtu kuiandika. Lakini ukipachika ripoti ya kawaida au hoja (swali linaloulizwa hifadhidata) uliyoiandika mwenyewe ndani ya kichupo, mfumo hauna habari kwamba ripoti hiyo inahusu rekodi iliyofunguliwa. Ni wajibu wako kuiwekea kichujio kinachopokea namba ya rekodi hiyo. Ushauri wangu ni kutumia kijenzi cha jedwali linalohusiana kila inapowezekana, na kuiachia hoja ya kupachikwa kazi za kusoma tu, kama lile jedwali la maombi yaliyopita.

Angalia jambo moja katika Dynamics 365, kwa kuwa limewapoteza wengi: gridi ndogo inaweza kupangwa ionyeshe rekodi zinazohusiana pekee au rekodi zote za jedwali, na mpangilio huo ni chaguo moja dogo ambalo jicho hulipita kwa urahisi.

Sasa ripoti ya ufadhili. Tatizo hili ndilo zito kuliko yote matatu, kwa sababu halionekani kwenye kichupo, na anayeipokea ripoti huiamini. Chukua mwombaji mmoja mwenye mistari 3 ya mahojiano na mistari 2 ya ufadhili, mmoja wa 1,000 na mwingine wa 500. Jumla ya ufadhili wake ni 1,500. Ripoti ikiyaunganisha majedwali yote mawili na rekodi ya mwombaji kwa wakati mmoja, hifadhidata huoanisha kila mstari wa mahojiano na kila mstari wa ufadhili, ikapata mistari 6. Ile 1,000 hutokea mara tatu, na ile 500 mara tatu, na jumla inakuwa 4,500. Hakuna mstari wa uongo hata mmoja katika ripoti hiyo. Kilichoharibika ni kwamba mstari mmoja wa ripoti haukuwa tena ufadhili mmoja, na aliyejumlisha hakujua.

Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kila jedwali la mistari mingi linakunjwa kuwa thamani moja kwa kila ombi kabla halijakutana na jingine. Ufadhili ujumlishwe peke yake kwa kila ombi. Mahojiano yahesabiwe peke yake kwa kila ombi. Kisha matokeo hayo mawili yawekwe ubavuni mwa jina la mwombaji. Programu nyingi hukuwezesha kufanya hivyo kwa kuweka hoja ndogo ndani ya safu ya ripoti. Usishawishike kuondoa mistari inayofanana kwa amri ya kuondoa marudio. Ikiwa mwombaji amepewa fadhili mbili za 500 kila moja, amri hiyo inaweza kuzifanya moja, nawe utakuwa umetoka kwenye jumla iliyozidi ukaingia kwenye jumla iliyopungua, ambayo ni ngumu zaidi kuigundua.

Ipo na sura ya pili ya kosa hili. Aina ya muungano inayodai kuwe na mstari pande zote mbili humfuta kwenye ripoti kila mwombaji asiye na mahojiano. Tuseme una waombaji 200, na 140 kati yao wamehojiwa. Ripoti ya "waombaji na mahojiano yao" itakuletea watu 140, na mkuu wako ataisoma kama orodha ya wote. Kwa hiyo tumia muungano unaombakiza mwombaji hata kama hana mstari upande wa pili, na kila ripoti mpya ianze kwa kulinganisha idadi ya watu waliomo na idadi unayoijua.

Baada ya hayo, kulijenga jedwali lenyewe si kazi ya kutisha. Safu zinazoonekana kwenye kichupo ziwe chache, tano au sita: tarehe, aina ya mahojiano, mhojaji, hali, alama. Maoni marefu yasiwe safu. Yakae kwenye fomu inayofunguka mtu anapobofya mstari, kwa sababu aya nzima ya maoni ndani ya seli huusukuma mstari unaofuata nje ya skrini. Mstari mpya zaidi uwe juu. Tarehe iwe uga wa tarehe na si maandishi, kwani 03/05/2024 kwa msomaji mmoja ni tarehe 3 Mei na kwa mwingine ni tarehe 5 Machi. Na unapoingiza data kwa faili, iandike kwa mtindo wa ISO 8601, yaani 2024-05-03, ambao hausomeki kwa namna mbili. Mhojaji achaguliwe kutoka orodha ya watumiaji wa mfumo badala ya kuandikwa, la sivyo mtu mmoja atapata majina manne kulingana na nani ameandika na kwa haraka kiasi gani.

Uga wa hali unastahili mjadala wa dhati na wenzako, kwa kuwa ndio unaoeleza maisha ya mstari. Ningependekeza hali nne: yamepangwa, yamefanyika, mwombaji hakufika, yamefutwa. Kisha mwamue: mahojiano yakihamishiwa siku nyingine, mtabadilisha tarehe ya mstari uliopo, au mtaufuta kwa kuweka hali ya "yamefutwa" na kufungua mstari mpya? Njia ya kwanza huacha jedwali safi. Ya pili huhifadhi historia ya mwombaji aliyeahirishiwa mara tatu. Zote mbili zinakubalika, mradi ofisi nzima ifuate moja. Nusu ya ofisi ikifuata hii na nusu ile, hesabu ya mahojiano haitakuwa na maana yoyote, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuinyoosha baadaye kwa kuitazama data peke yake.

Usiache uga wa "Alama ya mwisho" juu ya kichupo ili watu waujaze kwa mkono. Ikiwa kamati inataka kuiona alama hiyo bila kulisoma jedwali, itokane na jedwali lenyewe, kwa uga wa kukokotoa unaochukua alama ya mahojiano ya karibuni yenye hali ya "yamefanyika". Thamani iliyonakiliwa kwa mkono hukaa sawa hadi siku chanzo chake kitakaporekebishwa, na tangu hapo kichupo kimoja huwa na majibu mawili.

Nyuga zako za zamani usizifute bado. Zigeuze kuwa mistari kwa utaratibu huu. Toa faili yenye namba ya ombi na nyuga zote tisa, kisha utengeneze mstari mmoja kwa kila seti yenye angalau uga mmoja uliojazwa, ukiziacha seti tupu. Tumia namba ya ombi kuunganisha. Usitumie jina, kwani majina hufanana na hubadilika. Ongeza safu moja ya ufunguo wa uingizaji iliyoundwa kwa namba ya ombi na namba ya seti, kwa mfano ombi 10452, seti ya 2, iandikwe 10452-2. Safu hiyo itakulinda: uingizaji ukikatika katikati na ukalazimika kuurudia, mfumo utaitambua mistari iliyokwisha kuingia na kuihuisha badala ya kuiongeza mara ya pili.

Kabla ya kuingiza, hesabu. Tuseme seti ya kwanza imejazwa katika maombi 412, ya pili katika 130, ya tatu katika 27. Mistari yako lazima iwe 569, si 568 wala 570. Ikitofautiana, tafuta tofauti hiyo hadi uipate, hata ikiwa ni moja, kwa sababu moja hiyo ni mahojiano ya mtu fulani. Tegemea pia kukutana na maombi yaliyojazwa seti ya pili huku ya kwanza ikiwa tupu, na maombi ambamo mtu aliandika mahojiano ya nne katika uga wa maelezo. Hayo ya maelezo hayatahama kwa kanuni yoyote. Yatafute na uyaingize kwa mkono.

Umeniambia kwamba nyuga hizo zilikuwa kwenye ukurasa wa mwombaji, kwa hiyo inawezekana zimefungwa kwa mtu na si kwa ombi. Ikiwa ndivyo, kwa wale wenye maombi zaidi ya moja itabidi uamue kila mahojiano ni ya ombi lipi. Tarehe ya mahojiano ikilinganishwa na tarehe za kufunguliwa na kufungwa kwa msimu itakutatulia mengi, isipokuwa yale ya mtu aliyeomba programu mbili katika msimu mmoja. Hayo waulize wahojaji. Kubahatisha hapa ni kumwandikia mwombaji alama isiyo yake.

Data ikishahamia, zifanye nyuga za zamani kuwa za kusoma tu, uziondoe kwenye kichupo, kisha uanze kutafuta kila kitu kinachozitegemea: ripoti, barua zinazojazwa moja kwa moja, kanuni zinazobadilisha hali ya ombi, faili zinazopelekwa kwenye mifumo mingine. Barua za mwaliko wa mahojiano ndizo husahaulika mara nyingi, na mwombaji anayepokea barua yenye nafasi tupu palipopaswa kuwa na tarehe hana njia ya kujua kwamba kosa si lake. Zifute nyuga hizo pale tu msimu mmoja kamili utakapopita bila chochote kuzigusa.

Kuhusu ruhusa, tofautisha kuficha kichupo na kulinda jedwali. Mtu asiyeona kichupo anaweza bado kuifikia data hiyo kupitia zana ya ripoti au upakuaji wa faili, kwa hiyo ruhusa iwekwe kwenye jedwali au kwenye nyuga zake, na kichupo kifuate. Wahojaji waweze kuongeza na kuhariri mistari yao wenyewe. Kufuta waachiwe watu wawili au watatu. Jina la aliyeongeza mstari na saa aliyouongeza liandikwe na mfumo. Waeleze wahojaji pia kwamba mwombaji anaweza kuja kuyasoma maoni yao: sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, humpa mtu haki ya kuomba nakala ya taarifa zake binafsi, na nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana nayo. Anayelijua hilo huandika alichokiona na kukisikia, na maoni ya namna hiyo ndiyo yanayoifaa kamati.

Uliza pia nini hutokea kwa mistari pale rekodi mama inapofutwa au kuunganishwa na nyingine. Katika Salesforce, kwa mfano, uhusiano wa mama na mtoto unaofungamana kabisa hufanya mistari ifutwe pamoja na rekodi mama, ilhali uhusiano wa kurejelea tu unaweza kuiacha mistari ikiwa haina mmiliki. Katika udahili, rekodi mbili za mtu mmoja huunganishwa mara nyingi, kwa sababu watu hujiandikisha kwa barua pepe mbili. Jaribu mwenyewe: tengeneza watu wawili wa majaribio, kila mmoja na mahojiano yake, uwaunganishe, kisha uhesabu mistari iliyobaki.

Fanya majaribio hayo yote katika mazingira ya majaribio ya mfumo wenu, ukitumia rekodi nne: mwombaji asiye na mahojiano, mwenye mahojiano mamoja, mwenye matano, na mwenye maombi mawili yaliyo na mahojiano katika kila ombi. Kwa huyo wa kwanza, jedwali lionyeshe wazi kwamba hakuna mahojiano yaliyowekwa, ili mtumiaji asidhani ukurasa umekwama. Kwa huyo wa mwisho, fungua maombi yake mawili katika madirisha mawili, moja kando ya jingine, uongeze mstari katika moja, kisha uhuishe yote mawili. Mstari ukitokea katika dirisha moja tu, na jumla ya ripoti ya ufadhili ikabaki ileile uliyoipata kwa kuujumlisha ufadhili peke yake, kifungulie kichupo watumiaji wako.